Muhuri na Kitabu Kilicho Nyuma Yake

Ni vigumu mtu wa Kewanja kumaliza mwaka bila kuuhitaji muhuri wa kijiji. Kijana anayeomba kibarua mgodini huambiwa alete barua ya utambulisho. Mama anayefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, mzee anayeandikishwa kitambulisho cha taifa, mjane anayeanza kushughulikia mirathi, mfugaji anayetaka kupeleka ng'ombe mnadani: wote hupita kwenye meza ya Afisa Mtendaji wa Kijiji, na wote hutarajia kuondoka na karatasi iliyogongwa muhuri. Bila alama hiyo, dirisha linalofuata halifunguki.

Macho ya watu huishia kwenye alama. Lakini kila muhuri unaogongwa unadai kwamba mahali fulani kuna kitabu kinachothibitisha maneno ya karatasi ile. Barua inayosema fulani ni mkazi inategemea daftari la wakazi. Inayosema shamba ni la fulani inategemea masijala ya ardhi ya kijiji. Inayosema wananchi waliridhia inategemea kitabu cha mihtasari ya vikao. Kitabu kisipokuwepo, au kikiwepo na asiwepo wa kukifungua, muhuri unabaki kuwa neno la mtu mmoja mwenye ufunguo wa droo.

Makala haya yanavipitia vitabu hivyo, vya ofisini na vya sheria, vya dini na vya fasihi, kwa sababu vyote vinahangaikia jambo moja: alama ya mamlaka huipata wapi haki ya kuaminiwa? Kewanja ni mahali panapostahili kuulizwa swali hilo. Kijiji hiki cha eneo la Nyamongo, wilayani Tarime mkoani Mara, kinapakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, kilomita kama 20 kusini mwa mpaka wa Kenya. Umiliki wa mgodi umepita mikononi mwa Afrika Mashariki Gold Mines, Placer Dome, Barrick, kisha African Barrick Gold iliyobadili jina kuwa Acacia, na tangu 2019 Barrick tena, safari hii Serikali ikiwa na hisa asilimia 16 kupitia Twiga Minerals. Kampuni zimebadilishana majina huko juu. Huku chini, mkulima aliyehamishwa shamba lake ameendelea kuulizwa swali lile lile: karatasi yako iko wapi?

Kabla ya karatasi, Wakurya, wenyeji wa hapa, walikuwa na masijala yao, na ilikaa vichwani. Mwaka wa kuzaliwa ulikumbukwa kwa saro, yaani rika la waliotahiriwa pamoja. Mpaka wa shamba ulishuhudiwa na mstari wa mikonge au minyaa na mzee aliyekuwepo ulipopandwa. Wazee wa inchama walikuwa na neno zito katika mambo ya ukoo. Utaratibu huo ulikuwa na udhaifu wake, hasa kwa wanawake na wageni, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo ofisi nyingi za leo hazina: ushahidi ulikuwa mikononi mwa watu wengi kwa wakati mmoja. Ili kuupotosha, ungelazimika kuwanunua majirani wote.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilibadili mambo. Sheria ya mwaka 1975 iliwezesha vijiji kuandikishwa, na Sheria Na. 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa ikaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa mtu kisheria: inaweza kushtaki na kushtakiwa, inaweza kumiliki mali, na ina lakiri yake. Wajumbe wake ni kati ya 15 na 25. Juu yake umewekwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, unaotakiwa kukutana kila miezi mitatu. Kwa maana hiyo, muhuri wa Kewanja kisheria si wa mtendaji wala si wa mwenyekiti. Ni wa wanakijiji, na hao wawili wameshikishwa tu. Jambo hili linafaa kusemwa kwa sauti, kwa kuwa mazoea yanasema vinginevyo. Ni kawaida kusikia watu wakisema "muhuri wa mwenyekiti", na wengine wanaamini kabisa kwamba anayeushika anaweza kumnyima amtakaye.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ndiyo iliyoongeza kitabu kikubwa zaidi kwenye rafu ya kijiji. Inaitaka Halmashauri ya Kijiji iwe na masijala ya ardhi, na inamkabidhi mtendaji jukumu la kuitunza. Hati ya hakimiliki ya kimila inapotolewa, mwenyekiti na mtendaji hutia saini, mwenye ardhi hutia saini yake au dole gumba, kisha afisa ardhi wa wilaya hutia saini, huigonga muhuri na kuisajili. Ngazi tatu, na kila moja inaacha alama. Mbunifu wa utaratibu huo alifikiri vizuri: mwizi wa ardhi itambidi awapate wa ngazi zote tatu.

Tatizo ni kwamba utaratibu huo unaanza na hatua zenye gharama. Kijiji kinahitaji cheti cha ardhi ya kijiji, mipaka iliyokubaliwa na majirani, mpango wa matumizi ya ardhi, upimaji, na chumba kikavu chenye kabati linalofungwa. Vijiji vingi vya Tanzania vimekwama njiani, na mkazi anabaki na karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye majina ya mashahidi na muhuri uliofifia. Karatasi hizo ndizo zinazotembea Nyamongo. Zina thamani, kwa kuwa zina mashahidi hai. Lakini nyuma yake mara nyingi hakuna kitabu.

Pengo hilo huonekana wazi siku ya fidia.

Kitabu kizito kuliko vyote katika maisha ya familia za vijiji vinavyouzunguka mgodi ni jedwali la fidia. Mthamini hupita kaya kwa kaya, hupima nyumba, huhesabu migomba na miti, hupiga picha, hujaza fomu. Mwenye mali hutia saini, kiongozi wa kijiji hushuhudia, na jedwali hupanda ngazi hadi kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa. Kanuni za mwaka 2001 zinataka mlipwaji apate zaidi ya bei ya ardhi na majengo: kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, na posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza makali: malipo yakichelewa kupita miezi 6 yanazaa riba, na uthamini wenyewe unaisha nguvu baada ya miaka 2.

Ni wangapi kati ya wanaotia dole gumba wanaojua haya? Fomu ina vifungu vya kitaalamu, mthamini ana kaya nyingine za kumaliza kabla jua halijazama, na mwenye nyumba anaona kalamu na kidau cha wino. Anatia. Kuanzia hapo, kitabu kinaondoka kijijini, na maswali yanayofuata atayapeleka ofisi ya kata, ya wilaya, hata Musoma, akifuata jedwali ambalo jina lake limo ndani yake.

Katika mambo ya fidia, Nyamongo ina neno lake: tegesha. Ni nyumba inayoinuliwa harakaharaka, au miti inayopandwa kwa msongamano, pale ambapo mgodi unatarajiwa kuchukua eneo, ili mwenyewe ahesabiwe siku mthamini atakapofika. Wengi wanaizungumzia tegesha kama ulafi, na ulafi umo. Lakini tegesha ina mzizi wa pili, na ndio unaomhusu mchambuzi wa vitabu. Inastawi pale ambapo hakuna rekodi iliyofungwa kwa tarehe. Kama masijala ya kijiji ingekuwa inaonyesha kwamba mwezi Machi eneo fulani lilikuwa shamba la mihogo la mtu fulani, lenye nyumba moja, basi nyumba tano za mwezi Juni zingejieleza zenyewe. Rekodi hiyo ikikosekana, kila nyumba inashukiwa. Anayeumia zaidi ni mzee aliyeishi hapo tangu enzi za baba yake, ambaye sasa anatakiwa kuthibitisha kwamba yeye si wa jana. Kwa hiyo sehemu ya muhuri yenye uzito mkubwa hapa ni ile tarehe ya katikati, na ugomvi mwingi wa fidia, ukiufukunyua, ni ugomvi wa tarehe.

Kuna kaya ambazo fomu haijawahi kuzijua kabisa. Miongoni mwa Wakurya ipo ndoa ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anamwoa mwanamke kijana kwa mahari ya ng'ombe ili watoto watakaozaliwa waendeleze nyumba yake. Ni mila iliyo hai Tarime na Serengeti, na kwa wanawake wengi imekuwa ngao dhidi ya ndugu wa mume wanaotaka kuchukua shamba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Mthamini anapouliza jina la mwenza, mama wa nyumba ntobhu ajibu nini? Akiandikwa peke yake, yule kijana na watoto wake wanategemea hisani. Kijiji kizima kinajua nani ni nani katika kaya ile. Kitabu hakijui, na muhuri unathibitisha kitabu.

Historia ya nchi hii ina mfano wa kitabu kilichoondoka na alama za watu, unaofundishwa shuleni kwa kila mtoto. Novemba 1884, Carl Peters alifika Usagara na mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani, na Chifu Mangungo wa Msovero akatia alama yake. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa barua ya ulinzi, na karatasi zile za Usagara zikawa msingi wa kudai koloni. Walimu wengi humfundisha Mangungo kama mtu aliyedanganywa. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kwamba kitabu kilisafirishwa kwenda Berlin. Hakikubaki Msovero kitu ambacho mtu angeweza kukifungua baadaye, akasomewa, akakipinga.

Mfano wa kinyume ni wa kale zaidi, na wakazi wengi wa Mara wameusikia kanisani. Mkoa huu una Wamennoni, waliofungua kituo Shirati mwaka 1934, una Waadventista na Wakatoliki, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ni miongoni mwa vitabu vinavyopatikana katika nyumba nyingi. Katika sura ya 32 ya Yeremia, nabii ananunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, wakati Yerusalemu imezingirwa na majeshi na ardhi haina bei. Utaratibu umeelezwa hatua kwa hatua kiasi kwamba afisa ardhi yeyote angeuelewa: fedha inapimwa kwenye mizani, hati inaandikwa, mashahidi wanatia saini, kisha zinakuwepo hati mbili. Moja imetiwa muhuri na kufungwa. Nyingine imeachwa wazi. Zote mbili anakabidhiwa Baruku, mbele ya watu, aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Nakala mbili, moja ya kulinda na moja ya kusomwa. Hapo ndipo penye akili yote ya muhuri. Iliyofungwa inazuia mtu asiongeze neno. Iliyo wazi inamwezesha yeyote mwenye shaka aje asome. Ukiondoa ya kwanza, maandishi yanachezewa. Ukiondoa ya pili, watu wanaongozwa na kitu wasichokiona. Qur'ani nayo, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inaelekeza deni liandikwe na mwandishi mwadilifu mbele ya mashahidi, na mwenye deni ndiye atamke maneno yaandikwe. Maandiko haya mawili yanakutana katika jambo moja: mwandiko hautoshi bila watu waliokuwepo ukiandikwa.

Fasihi ya Kiswahili imelichukua jambo hili na kulipeleka ambako sheria haifiki, yaani kwenye maumivu. Farouk Topan, katika tamthilia ya Aliyeonja Pepo ya mwaka 1973, anamfikisha mtu ahera kwa makosa ya kiofisi: aliyetakiwa alikuwa mwingine. Hata mbinguni, anasema mwandishi, kukiwa na ofisi kutakuwa na faili lililochanganywa, na mwenye kulipa ni yule aliyeitwa bila zamu yake. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Nyota ya Rehema ya 1976, yuko karibu zaidi na Kewanja. Ardhi aliyoipata Rehema kwa baba yake inageuka ugomvi baada ya mzee kufariki, na ugomvi unaishia kwenye damu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria, alimchora Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya 1975, mkulima tajiri anayenyang'anywa shamba wakati wa siasa ya Ujamaa, anayeua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo.

Riwaya hizo mbili zinafaa kusomwa na kila anayeshika muhuri wa kijiji. Zinaonyesha hatua ambayo majedwali hayaandiki: muda ule mtu anapogundua kwamba ardhi aliyoilima iko kwenye karatasi ya mtu mwingine, na kwamba hakuna mlango wa kupeleka shaka yake. Mauaji katika vitabu hivyo hayatokani na hasira ya ghafla. Yametanguliwa na kurasa nyingi za mtu kutosikilizwa.

Mifugo ina kitabu chake pia. Tarime inajua wizi wa ng'ombe kiasi cha kuwekewa, pamoja na Rorya, Kanda Maalum ya Polisi. Sheria Na. 12 ya 2010 iliamuru mifugo itambuliwe na kusajiliwa, na mwishoni mwa 2017 wafugaji nchi nzima walihimizwa kupiga ng'ombe chapa yenye herufi za wilaya na kijiji. Miaka michache baadaye zikaja hereni za kielektroniki. Wafugaji wengi walilalamikia gharama na kuharibika kwa ngozi, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini chapa ina somo lake: ng'ombe wa Kewanja akikutwa Mugumu, ng'ambo ya Mto Mara, chapa itasema ametoka wilaya gani na kijiji gani. Haitasema ni wa nani. Hilo limo kwenye daftari la ng'ombe, na kama ni la mwaka juzi, mfugaji na mwizi wanasimama sawa mbele ya afisa. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Alama ambayo mkazi wa Kewanja anaweza kuihakiki mwenyewe, palepale aliposimama, iko dukani. Tarehe 15 Januari 2019 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi za kielektroniki, kwanza kwenye sigara, mvinyo, vinywaji vikali na bia, kisha kwenye soda na baadaye maji ya chupa. Kila stempu ina alama ya kusomwa kwa simu, na kuna programu iitwayo Hakiki Stempu ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuitumia kujua kama bidhaa ni halali. Wenye viwanda walilalamikia ada yake. Hata hivyo, katika kitu kimoja serikali ilifanikiwa kabisa: iliifunga alama na kitabu chake, na ikampa mtu wa kawaida ufunguo wa kukifungua.

Hivyo leo mtu aliyekaa dukani Nyamongo anaweza kujua kwa sekunde chache kama chupa ya bia mkononi mwake imelipiwa kodi, wakati shamba la baba yake, ambalo ndilo maisha yake, hawezi kulihakiki bila nauli, barua na siku nzima ya foleni. Tofauti hiyo haikuletwa na ugumu wa teknolojia. Stempu ya bia ilitengenezewa kitabu kinachosomeka kwa sababu Hazina ilikuwa inapoteza fedha. Anayepoteza masijala ya kijiji isiposomeka ni mkulima, na hasara yake haiingii kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Wapo wanaosema dawa ni kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta. Ni hoja nzuri ikikumbuka mambo mawili. Kwanza, makosa yakiingizwa kwenye mfumo yanapata heshima ambayo hayakuwa nayo kwenye daftari. Mama wa nyumba ntobhu akikosekana kwenye fomu ya karatasi atakosekana pia kwenye skrini. Pili, mlango wa kupinga umezidi kwenda mbali. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana mwananchi anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao angalau 3 ni wanawake, ndilo lililobaki karibu na mipaka yenyewe. Wajumbe hao wanamjua aliyepanda mkonge na mwaka alioupanda. Wakikaa na masijala mezani, kumbukumbu ya rika na kitabu cha serikali vinaweza kusahihishana.

Sheria iliyopo inatosha kuanzia. Mkutano Mkuu wa Kewanja una mamlaka ya kuweka kwenye ajenda usomaji wa masijala, kitongoji kimoja kila robo mwaka: jina la mwenye ardhi, majirani zake wa pande nne, waliomo katika kaya yake kwa kadiri kijiji kinavyoijua, na tarehe. Anayepinga anapinga palepale, mbele ya mashahidi, na pingamizi linaandikwa kwenye muhtasari kabla muhuri haujagongwa. Kwa fidia, nakala ya jedwali la kila kaya ibaki kwa mwenye kaya siku hiyo hiyo anapotia dole gumba, na nyingine ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa lugha ambayo mzee wa kitongoji anaweza kusomewa na mjukuu wake. Gharama yake ni karatasi, wino na nusu siku ya mkutano. Mgodi ukitaka kupanua eneo tena, mthamini atakuta Kewanja kitabu kilichokwisha kusomwa hadharani na wenyewe.